Chombo cha kuchachushia divai ya rozela nyumbani: namna ya kukichagua, kukikagua na kukiandaa

Uchachu wa rozela, au choya kama wengine tunavyoiita, si wa kubeza. Chai yake nzito huwa na pH (kipimo cha uchachu) ya kati ya 2.5 na 3, karibu sawa na siki ya dukani. Ukiitia sukari na hamira, ikakaa wiki kadhaa chomboni, unapata kimiminika chenye asidi na kilevi kwa pamoja. Kimiminika cha namna hiyo kikikutana na kutu, zinki, rangi au plastiki iliyowahi kubeba dawa, kinavichukua na kukuletea hadi kwenye glasi. Kwa hiyo ninapoulizwa pesa ya kwanza iende wapi, jibu langu ni chombo. Hamira nzuri na chupa za kupendeza zinaweza kusubiri.

Hapa nachukua mfano wa lita 20 za divai ya rozela, kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukimudu jikoni. Anayetumia nanasi, ndizi, asali au zabibu za Dodoma atafuata mambo haya haya. Nazungumzia kuchachusha tu. Kupika gongo ni jambo jingine kabisa, ni kosa kisheria Tanzania na ni hatari. Na ukitaka kuuza divai yako, kuna leseni na viwango vya kufuata kabla ya chupa ya kwanza kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: Jua divai itakaa muda gani

Wengi huanza na swali la ndoo ipi, wakati swali la kwanza ni utakunywa lini.

Tazama pombe zetu za asili. Mbege ya Kilimanjaro, ya ndizi na ulezi, hunyweka ikiwa bado inachemka na povu juu, na siku chache baadaye haifai tena. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu, jioni umeshakolea, kesho yake unaelekea kwenye siki. Muratina ya Wakikuyu huchachushwa kwa asali na tunda kavu la mwegea. Kwa vinywaji hivi kibuyu, mtungi na pipa lililofunikwa kwa kitambaa vinafaa, tena vinasaidia: vitundu vidogo vya kibuyu na udongo huhifadhi chachu ya mara iliyopita, na mchacho mpya unaanza haraka. Hewa inaingia, lakini pombe inanyweka kabla hewa haijafanya uharibifu wake.

Divai ya rozela haiendi hivyo. Huchemka kwa nguvu kwa wiki moja hadi mbili, kisha hukaa mwezi, miwili, mitatu ikitulia na kuwa angavu. Katika muda huo bakteria wa siki wanasubiri oksijeni tu, maana kwa oksijeni hiyo wanageuza kilevi kuwa asidi ya siki. Kibuyu kinachosifiwa kwa mnazi kitakuharibia divai.

Kwa hiyo unahitaji vyombo viwili. Cha kwanza kiwe na mdomo mpana, kwa siku za povu. Cha pili kiwe na shingo nyembamba, kwa miezi ya kutulia. Kama pesa inatosha kimoja tu, nunua dumu jipya la lita 20 lenye shingo nyembamba, chemsha rozela na uichuje vizuri kabisa kabla ya kuitia, na utengeneze lita 15 badala ya 20.

Hatua ya 2: Uliza chombo kilibeba nini kabla yako

Hapa ndipo nataka usimame kwa muda mrefu kuliko kwingine kote.

Masoko yetu yamejaa madumu na mapipa ya mtumba. Lile pipa la bluu la lita 200 ambalo kila mtaa unahifadhia maji liliingia nchini likiwa na kitu. Huenda kilikuwa juisi nzito ya kiwandani, huenda malighafi ya sabuni, huenda dawa ya kusafishia mashine. Muuzaji atakwambia limeoshwa, na pengine anasema kweli. Shida ni kwamba plastiki hunywa. Mafuta, viyeyusho na viuatilifu hupenya ndani ya ukuta wa chombo, na sabuni hufika juu juu tu. Maji ya kawaida yanaweza kukaa humo usionje chochote, kisha kilevi cha asilimia 12 kikavuta kile ambacho maji yalikiacha.

Msimamo wangu: chombo ambacho hukijui historia yake, au kilichobeba dawa ya mifugo, dawa ya shamba, mafuta ya taa, petroli, dizeli, rangi, thina au asidi ya betri, hakiwi chombo cha divai hata ukipewa bure. Hakuna namna ya kukiosha kikafaa.

Dumu la mafuta ya kula halina sumu, lakini mabaki ya mafuta huchacha na kuipa divai ladha ya samli iliyooza. Ndoo zilizobeba asali, siagi ya karanga, jemu au malai ya keki ni nzuri sana. Waoka keki wengi wanazo za lita 5, 10 na hata 20, na huzitoa kwa bei ndogo. Hakikisha tu hazikuwahi kutumika kwa kazi nyingine baada ya hapo. Ndoo iliyobeba achari au pilipili iache. Harufu yake haitoki.

Ukiwa dukani, fungua mfuniko, ingiza uso ndani uvute pumzi. Kisha funika, weka juani nusu saa, fungua unuse tena. Joto hufukuza harufu iliyojificha ukutani. Pua ikikutana na kitu chochote zaidi ya harufu hafifu ya plastiki mpya, rudisha.

Hatua ya 3: Geuza ndoo usome chini

Chini ya vyombo vingi vya plastiki kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani. Namba hiyo inataja aina ya plastiki. Haisemi peke yake kwamba chombo ni cha chakula, kwa hiyo tafuta pia alama ya glasi na uma, au maandishi yanayosema ni cha chakula.

Namba 2 ndiyo ya ndoo ngumu na madumu mengi, na inafaa. Namba 5 ipo kwenye ndoo za vyakula na makopo, inafaa pia na huvumilia joto. Namba 1 ni plastiki angavu ya chupa za maji na soda. Inazuia hewa kuliko namba 2, kwa hiyo ni nzuri kwa kutulizia divai, ila usiitie kimiminika cha moto: hujikunja na kupoteza umbo. Namba 3 na 6 usizitumie.

Kisha kuna chupa kubwa za maji ya kunywa za lita 18.9, zile zinazopinduliwa juu ya mashine ya kupoza. Shingo yake nyembamba inazifanya zifae mno kwa hatua ya pili. Kagua chini: nyingine ni namba 1, hizo chukua. Nyingine ni namba 7, na mara nyingi hiyo ni plastiki ngumu inayotengenezwa kwa BPA, kemikali inayoweza kuhamia kwenye kinywaji. Mimi siitumii kwa kinywaji kinachokaa miezi.

Plastiki zote, hata zilizo bora, hupitisha oksijeni kidogo kidogo. Kwa wiki mbili si kitu. Kwa miezi sita ni jambo la kufikiria, na hapo kioo hakina mpinzani.

Hatua ya 4: Kioo, chuma na udongo

Kioo hakipitishi hewa, hakinywi harufu, hakitoi chochote, na unaona divai inavyojitenga na mashapo. Ubaya wake ni uzito na kuvunjika. Lita 20 za divai zina zaidi ya kilo 20 kabla hujahesabu kioo chenyewe, na mikono iliyolowa huteleza. Usibebe chupa kubwa kwa kushika shingo. Iweke ndani ya kreti au ndoo, ubebe kreti. Usimimine maji ya moto kwenye kioo baridi, na usiiweke moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Tandika gunia au ubao. Kioo kisicho na rangi kivalishe kitambaa kizito au fulana nyeusi, kwani mwanga hufifisha wekundu wa rozela.

Stenlesi ni nzuri kama ni ya daraja la 304, ile inayotumika kwenye vyombo vya maziwa. Makopo ya maziwa ya stenlesi yanafaa sana, ila hakikisha si ya alumini, maana ya aina zote mbili yapo sokoni na kwa mbali yanafanana. Chukua sumaku: 304 kwa kawaida haishiki. Alumini nayo haishiki, lakini ni nyepesi, haina mng'ao ule, na ukiikwaruza kwa kisu unaacha alama kirahisi.

Sufuria ya alumini inaweza kuchemshia rozela kwa dakika chache. Kuachia divai humo siku saba ni jambo jingine. Asidi itakula chuma, na utaona sufuria imeng'aa pale kimiminika kilipofikia.

Ndoo na karai za bati ziepuke kabisa. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye asidi, na zinki ikizidi huleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kutapika. Shaba vivyo hivyo. Chombo cha enameli kinafaa mradi hakijabanduka hata sehemu moja; penye doa jeusi la kubanduka, chuma kipo wazi.

Vyungu vilivyong'arishwa kwa kupakwa rangi ya kioo vina hatari ya madini ya risasi kama hujui vilivyotengenezwa. Asidi huitoa risasi kwenye rangi hiyo, nayo hujikusanya mwilini bila dalili za haraka. Chungu cha kawaida kisichopakwa kitu hakina sumu, lakini kwa sababu nilizokwisha kueleza, kiachie togwa na mbege.

Hatua ya 5: Pima ukubwa

Chombo cha kwanza kiwe kikubwa kuliko divai kwa angalau robo. Kwa lita 20 tafuta ndoo ya lita 25, na ya 30 ni bora zaidi. Maua ya rozela hunyonya maji, yanavimba, kisha gesi inayasukuma juu yakawa tabaka nene kama godoro. Ndoo ikiwa imejaa, tabaka hilo linasukuma mfuniko, na utaamka sakafu ikiwa nyekundu.

Sukari nayo inachukua nafasi. Kilo moja ikiyeyuka huongeza zaidi ya nusu lita. Kwa divai ya lita 20 yenye kilevi cha takriban asilimia 11 au 12 unahitaji kama kilo 4, nazo peke yake zinaleta karibu lita mbili na nusu. Tia kwanza sukari na chai, halafu maliza na maji hadi kufika lita 20. Chora alama nje ya ndoo kwa kalamu ya wino mzito: pima maji lita tano tano kwa chupa unayoijua, weka mstari kila mara. Kazi hii hufanywa mara moja na itakusaidia miaka.

Kwa chombo cha pili mambo yanageuka. Hicho kijazwe hadi shingoni, ibaki nafasi ya vidole viwili tu. Divai iliyotulia haitoi gesi ya kutosha kufukuza hewa, na nafasi tupu juu yake ndiyo makao ya bakteria wa siki. Kwa sababu hiyo ukianza na lita 20, baada ya kutoa maua na mashapo utabaki na 18 hivi, na ile chupa ya lita 18.9 inakaa mahali pake.

Hatua ya 6: Ipe gesi njia ya kutoka

Kilo moja ya sukari ikichacha yote hutoa zaidi ya lita 250 za gesi ya kaboni. Kilo zako 4 zitatoa zaidi ya lita 1000, ambazo zingejaza tenki zima la maji la lita 1000. Ukikaza mfuniko, gesi hiyo haina pa kwenda. Dumu litavimba na kupasuka; kioo kitalipuka, na vipande vyake hukata vibaya. Usikaze mfuniko wa chombo chochote kinachochacha, hata kwa usiku mmoja.

Njia ninayoipendekeza ni mpira mwembamba na chupa ya maji. Toboa mfuniko tundu linalobana mpira wa kipenyo cha milimita 8 hadi 10. Ingiza mpira sentimita mbili tu ndani ya mfuniko, mbali na povu. Ncha ya pili izamishe sentimita mbili au tatu kwenye chupa ndogo yenye maji yaliyochemshwa. Gesi itatoka kwa mapovu, hewa haitarudi. Mpira wa dripu unaonekana unafaa, lakini ni mwembamba mno: povu la rozela likiingia humo linaganda, na umerudi kwenye chombo kilichokazwa. Chupa ya maji ikae chini kuliko ndoo, ili usiku wa baridi gesi ikijikunja, maji yasipande na kuingia kwenye divai.

Kwa dumu dogo la lita 5, puto lililotobolewa kwa sindano linatosha. Libadilishe likianza kulegea. Kulegeza mfuniko nusu mzunguko kunaokoa dumu lisipasuke, ila vijinzi vya matunda hupita hapo, na miguuni mwao wamebeba bakteria wa siki. Angalau funga shashi juu yake.

Kujua kama mfuniko unabana, funga ndoo tupu, zamisha mpira majini, kisha bonyeza kwa kiganja katikati ya mfuniko. Mapovu yatoke kwenye maji. Yasipotoka, hewa inapita ukingoni. Kagua raba ya mfuniko, au pakaza ukingo unga uliokandwa, kazi ambayo mama zetu wameifanya kwenye masufuria ya biriani miaka yote.

Hatua ya 7: Kijaribu kabla hujamwaga sukari ndani

Jaza chombo maji safi ya uvuguvugu, funika, acha hadi kesho yake. Kausha nje vizuri, tandika karatasi kavu chini. Asubuhi angalia karatasi: likiwepo doa, kinavuja. Kwa chombo kipya au cha chakula unachokijua, onja yale maji. Yakiwa na ladha ya plastiki, rudia siku mbili tatu ukibadilisha maji. Isipoisha, kipe kazi nyingine.

Kisha tumia rozela yenyewe kama kipimo. Chemsha chai nyepesi, ipoe, mimina kikombe kimoja ndani, zungusha ifike pande zote, iache dakika kumi. Imimine kwenye bakuli jeupe, uilinganishe na ile iliyobaki kwenye birika. Rangi ya rozela hubadilika ikikutana na sabuni, majivu au chuma. Zikiwa nyekundu sawa, hakuna dalili ya sabuni, majivu wala chuma. Iliyotoka chomboni ikielekea zambarau au bluu, kuna mabaki ya sabuni, au kuna chuma kinachoyeyuka. Suuza, jaribu tena. Kwenye chombo cha chuma, rangi ikibadilika mara ya pili, usikitumie.

Hatua ya 8: Kisafishe bila kukikwaruza

Stilwaya isiguse plastiki. Kila mkwaruzo ni handaki la bakteria ambalo dawa haifiki. Tumia kitambaa laini na sabuni ya maji isiyo na manukato, suuza, halafu ua vijidudu. Jiki ya asilimia 3.5 inatosha: kijiko cha chai kimoja kwa kila lita ya maji baridi, dakika 15 hadi 20, pamoja na mfuniko na mpira. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kuwa klorini ikibaki inaipa divai harufu ya dawa ya hospitali isiyotoka. Usichanganye jiki na siki wala ndimu, gesi inayotoka ni sumu. Na kwenye stenlesi usiilaze jiki muda mrefu, inatoboa vijishimo. Hapo maji yanayochemka ni bora.

Maua ya rozela yatie kwenye mfuko wa shashi uliochemshwa kabla ya kuyaweka ndoani. Siku ya kuhamisha unainua mfuko tu, na kila asubuhi unauzamisha kwa mwiko safi ili juu pasikauke na kuota ukungu.

Mahali pa kuweka chombo

Mchacho unatoa joto lake wenyewe, na chombo kikubwa hulihifadhi. Dar es Salaam au Mombasa, kati ya Januari na Machi, chumba chenye nyuzi 30 kitafanya ndani ya ndoo pazidi hapo, na hamira ikipata joto kupita kiasi hutoa ladha kali inayochoma koo. Simamisha ndoo kwenye beseni la maji, ivalishe taulo ambalo ncha zake zinagusa maji, weka penye upepo. Njombe au Makete mwezi wa Julai fanya kinyume: blanketi, na mbali na sakafu. Popote ulipo, iwe juu ya kiti imara, mbali na watoto, ili siku ya kuhamisha uvute divai kwa mpira kwenda chupa ya chini bila kuitingisha.

Divai ikishatulia na mapovu yakakoma kwa wiki mbili nzima, ihamishie kwenye chupa. Kama huna uhakika kwamba sukari imekwisha, chupa za soda za plastiki ndizo salama, zimetengenezwa kuvumilia presha: zibonyeze kila siku, zikiwa ngumu zilegeze. Ndoo yako ioshe siku hiyo hiyo, mashapo yasikaukie humo, na uihifadhi bila mfuniko. Wekundu utakaobaki ukutani hauna neno. Ila ikiendelea kunuka siki hata baada ya jiki na jua, ifanye ya kufulia, ununue nyingine.